Swali la Darajani, Mto Lea

Jumatatu, Agosti 2008. Mvua tangu alfajiri. Kazini nimepiga simu kuwa naumwa, na si uongo.

Assalaam alaykum nyote mlioko nyumbani Wete. Bimkubwa, mama yangu, shikamoo, miguu inaendeleaje, na ile dawa ya kuchua imefika? Kaka Hamad, shikamoo kaka yangu. Wifi Maryam, hujambo mwenzangu, na hiyo mimba isikutie hofu, ya nne huwa nyepesi. Zuhura mdogo wangu, na mumeo Shemeji Faki, salamu zenu. Omar, Time, na yule mdogo ambaye bado sijamtia machoni, nawabusu. Bi Kazija jirani msalimieni, na mbuzi wake pia. Na wewe Khadija, unayeyachapisha haya kwenye internet ya Chake ukawasomee nyumbani, Mungu akuhifadhi. Soma polepole. Bimkubwa akianza kulia, simama kwanza.

Mimi kwa desturi hapa ningesema sisi huku wazima.

Seif amechomwa kisu.

Yuko hai. Naliandika upesi hilo la pili ili Bimkubwa asianguke. Kisu kimempata mkono wa kushoto, kuanzia kiwiko mpaka karibu na kifundo. Jicho moja limefunga kabisa na mbavu zimevimba. Lakini yuko hai, yuko chumbani kwake, na ananichukia.

Huu ukurasa kanifungulia Rukia niandike ya moyoni. Aliniambia, mama, andika tu kama unavyosema, hakuna mwalimu wa kukusahihisha. Haya, nasema.

Jumamosi kikundi chetu cha kina mama hapa Edmonton tulikwenda matembezi. Kuna njia ya miguu inafuata Mto Lea, unatembea kandokando ya maji mpaka Stratford. Wameiwekea vibao na picha, maana zamani sana mto huo ulikuwa mpaka wa nchi mbili. Upande huu alikuwa mfalme wa Waingereza, upande ule Wadenmaki waliokuja na majeshi yao. Walichinjana wee mpaka wakachoka, kisha wakaapizana kuwa mto ndio mwisho, na mtu asivuke kwenda kwa wenzake bila ruhusa.

Hayo alitueleza binti mmoja wa Kizungu aliyekuwa akituongoza, mchangamfu, buti zimejaa matope. Watoto aliwapa kofia za karatasi zenye mapembe na panga za sponji. Kwenye kila kibao anawagawa makundi mawili, anapiga filimbi, wanapigana.

Bi Mwanakombo, yule mwenzangu wa Mkoani niliyewahi kuwaambia, akauliza, "Mapembe yote haya, hao walikuwa watu au ng'ombe?"

Tukacheka. Akaambiwa Stratford ilikuwa ng'ambo, nchi nyingine. Akasema, "Yarabi! Na mie nimeolewa Stratford bila pasipoti!"

Nilikuwa na raha, msinione mwongo. Kulikuwa na jua, mabata yanaogelea, mashua ndefu zimefungwa ukingoni, watu wanaishi humo na maua yao juu ya paa. Na mwanangu yuko nyuma yangu amebeba sufuria la pilau, maana sisi hatwendi matembezi na mkate mkavu.

Seif hakutaka kuja. Ana miaka kumi na sita, nani wa umri huo anataka kutembea na mama zake? Lakini alikuja. Alitembea vizuri, akawachekesha watoto, akauawa na panga za sponji mara nyingi akaanguka kwenye majani.

Tukafika mahali pana daraja la chuma. Akaweka sufuria chini.

"Mama, mimi mwisho wangu hapa. Narudi na basi."

"Mwisho gani? Na sufuria abebe nani?"

"Mwambie mtu yeyote. Mimi huko siendi."

"Huko wapi? Si mto ule ule?"

"Siyo mto ule ule."

Alisema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili. Seif siku zote hunijibu kwa Kizungu. Ningekuwa na akili, hicho Kiswahili chake kingenishtua. Mimi nilidhani anaona haya na sufuria. Nilidhani kuna wasichana wa shule yao mbele. Bi Mwanakombo akasema, "Mwache mtoto, bwana, amechoka." Sikumwacha. Nikamwambia mbele ya wanawake wote kwamba akiniacha hapo njiani, sina radhi naye.

Kaka Hamad, unajua neno hilo lina uzito gani. Mama yetu hajawahi kulitamka hata siku moja.

Akanitazama. Akavaa kofia ya sweta lake, na jua lile lote, akanyanyua sufuria, akavuka.

Tulikuwa hatujaenda mbali, tumefika daraja jingine la chuma, kabla ya vile viwanja vikubwa vya mpira vya Hackney. Binti Mzungu na watoto walikuwa wametangulia. Vijana wanne wakaja na baiskeli ndogo za kitoto, zile unazoendesha magoti yakafika kidevuni. Wakasimama katikati ya daraja. Mmoja, masharubu yake ndiyo kwanza yanaota, akamtazama Seif, akauliza, "Mnatokea wapi?"

Seif akanitikisia kichwa. Nilimwona. Nikaona ananikataza kuzungumza na watu, kama anavyonikataza kwenye basi.

Lakini mtu akikuuliza unatokea wapi, unafanyaje? Kwetu hilo ndilo swali la kwanza. Unajibu, unamuuliza na yeye, unamkaribisha. Nikajibu kwa Kizungu changu, na tabasamu juu.

"Tunatoka Edmonton, wanangu. Na nyie je? Njooni mle pilau."

Wakacheka. Mmoja akarudia, "Edmonton," kama mtu anayeonja kitu. Wakashuka kwenye baiskeli.

Ngumi ya kwanza ilimpata akiwa bado ameshika sufuria, mikono yake yote miwili. Alishindwa kujikinga kwa sababu ya pilau langu. Likamwagika darajani. Akaanguka juu ya wali wa moto, wakampiga mateke ya uso, ya mbavu, ya mgongo, na mmoja akamkanyaga kichwa kama anavunja nazi. Nilisikia sauti ya kichwa cha mwanangu kwenye chuma. Kisha yule mwenye masharubu akatoa kisu, na Seif akainua mkono. Huo mkono ndio uliomwokoa shingo.

Bi Mwanakombo alikuwa anapiga na chupa ya chai, anawatukania nasaba zao mpaka babu wa saba.

Na mimi. Hili ndilo nililofungulia ukurasa huu, mengine ni njia tu.

Niliokota mfuniko wa sufuria, ule mzito wa chuma tulionunua Peckham. Nikampata mmoja aliyejikwaa kwenye baiskeli yake, mdogo kuliko wote. Nikampiga nao usoni. Nikampiga tena. Alikuwa ameshaanguka. Alikuwa hanipigi, wala hampigi Seif, anataka kutoka tu chini ya baiskeli, na mimi nikaendelea. Damu yake ilinirukia mdomoni. Nilitaka afe. Sisemi kwa hasira za maneno, nilitaka, na mkono ulijua namna.

Akaita mama yake.

Ndipo nikaacha. Wenzake wakamvuta, wakaondoka, yeye anaendesha huku ameshika uso. Sijui yuko wapi. Sijui kama jicho lake limepona. Kila nikimwombea Seif dua, yule naye anaingia katikati, na simtoi.

Hospitali polisi walimuuliza Seif akasema hakuona mtu. Alikuwa na jicho moja zima na lilikuwa linanitazama mimi.

Rukia ndiye aliyenieleza jana, mtoto wa miaka kumi na miwili, amekaa juu ya kitanda changu ananifundisha dunia. Kila mtaa hapa una herufi na namba zake za posta, zile tunazoandika juu ya bahasha. Vijana wamezigeuza nchi. Wa namba hizi havuki kwenda kwenye namba zile. Kuna basi Seif halipandi. Kuna duka haendi. Shule akitoka anazunguka njia ndefu, na mimi nilikuwa nikimgombeza kwa kuchelewa. "Mum," akaniambia, "hilo si swali la kuamkiana. Ukiulizwa hivyo, hakuna jibu zuri."

Nikamuuliza, wewe ulijuaje? Akasema kila mtu anajua.

Kila mtu, isipokuwa mimi mama yao.

Na mimi, ndugu zangu, si ndiye wa kujua? Mtaani kwetu miaka ile ya siasa kulikuwa na duka la hawa na duka la wale. Ukinunua chumvi kwa wale, wewe msaliti. Maiti ilisubiri wachukuzi kwa sababu marehemu alikuwa wa upande ule. Hapakuwa na mto wala kibao, na kila mtoto alijua pa kupita. Usiku ule, waliotuvunjia mlango wakamburuta baba Seif kwa miguu, walikuwa watu tuliokula nao daku. Mimi nikatoka uani nimemfunga Seif mgongoni kwa kanga, Rukia bado tumboni, nikakimbia mpaka nikafika huku.

Nilidhani nimefika.

Leo mchana wamekuja rafiki zake. Abdi, mtoto wa Mama Abdi Msomali wa ghorofa ya chini, na wengine wawili siwajui. Wamevua viatu mlangoni, wamenisalimu vizuri, wameingia chumbani kwa Seif na kufunga mlango. Nikaweka sikio. Kizungu chao nashika nusu, lakini nusu ilitosha. Wanakwenda. Wanamngoja mwenzao mmoja mwenye gari atoke kazini saa kumi na mbili. Na Seif anakwenda nao, na mkono wake ule.

Nisingeweza kumzuia kwa nguvu, kanishinda urefu kwa kichwa kizima. Na lile neno la radhi sitalitia tena kinywani mwangu. Nikakusanya viatu vyake vyote, vile vyeupe anavyovifuta kwa mswaki, vyeusi vya shule, hata vya mpira, nikavitumbukiza kwenye bafu na maji ya moto na dawa ya kusafishia choo. Nikakoroga kwa fimbo ya ufagio kama bokoboko.

Alipoona alipiga kelele kama aliyefiwa. Akaupiga mlango wa jikoni ngumi kwa ule mkono mzima, ukatoboka. Akaniambia maneno, Khadija usiyasome hata kama ningeyaandika, ndiyo maana sikuyaandika. Nikasimama pale. Nikamwambia, "Nipige mimi, mlango ni wa halmashauri, tutalipishwa." Mmoja wa wale vijana akacheka, wote wakacheka, Seif peke yake hakucheka. Akarudi chumbani. Hawezi kwenda kupigana amevaa ndala za mama yake.

Rafiki zake wakatoka.

Mimi ndiye niliyewafungulia mlango. Abdi aliinama kuvaa viatu na nikaona ana kitu kirefu ndani ya mkono wa koti, hakikunjiki. Mtoto huyu amefuturu kwangu Ramadhani zote tangu akiwa hana meno ya mbele. Huniita Eddo, yaani shangazi kwa Kisomali, mama yake alimfundisha. Alinitazama, akaona kuwa nimeona.

Nikasema, "Nendeni salama, wanangu."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Kisha nikafunga mlango na minyororo yake, nikaegemea, nikashukuru Mungu kwamba wangu yuko ndani.

Nimeandika haya yote badala ya kushuka ngazi. Ngazi zenyewe ni za ghorofa moja. Ninaogopa nini? Kwamba Mama Abdi ataniuliza mbona nimewaacha watoke. Kwamba Abdi atamwambia Seif nimemchongea, na Seif hatanisamehe mara ya pili. Na kuna jambo baya zaidi, nitalisema kisha nishuke. Pale mlangoni kulikuwa na sehemu yangu iliyotaka waende. Iliyotaka wamkute yule mwenye masharubu. Ule mkono ulioshika mfuniko bado uko kwangu, unakata vitunguu, unaandika haya.

Saa kumi na moja imeshapita. Kutoka dirishani nawaona, wako kwenye kituo cha basi, wanavuta sigara, Abdi amesimama mkono wake umenyooka kama wa mtu aliyevunjika.

Basi nashuka. Nitamchukua Mama Abdi kama alivyo, hata kama yuko jikoni, twende wote wawili pale kituoni na majuba yetu, tumshike Abdi kila mmoja upande wake. Atuone kichaa. Wote watuone. Hao wengine nao tutawauliza mama zao ni nani, na safari hii nitalisubiri jibu.

Kaka Hamad, hili ni lako. Nilimkimbiza Seif kutoka huko asiuawe, na sasa nakuomba umpokee huko asiuawe, na asiue. Ninajua ninavyosikika. Mfundishe ufundi wako wa friji, mpeleke skuli, mnyime simu. Lakini nijibu upesi, leo hii, usingoje Ijumaa wala kikao cha ukoo, mtume Khadija tu aandike neno moja.

Na uniambie kile chumba cha uani kama kinalala wawili, maana nitamuuliza Mama Abdi.