Pasipoti ya Kumzika Mama

Tottenham, London

Mama yangu,

Shikamoo. Na tena shikamoo. Naomba uniitikie mara mbili, maana shikamoo ya pili ni ya mtu aliyekosa. Mguu unaendeleaje? Nimesikia sasa unafika kwenye jumuiya bila fimbo, nikafurahi sana. Mahindi je, yameshakauka, au mvua bado inawachezea? Sisi huku wazima wa mwili. Rehema bado anafanya usafi kwenye shule ile ile. Neema amempita mama yake kwa urefu. Kiswahili anakisikia chote, ila ukimsemesha anakujibu Kiingereza, hata akiwa anaomba chakula.

Dada Fides, wewe unayemsomea mama, usiruke mstari. Nakujua.

Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu nimeshindwa mara tatu. Nikikupigia, mama, unaanza kunitania, nacheka, tunaagana, halafu nabaki na jambo langu kooni. Nimefanya jambo la aibu. Limeniaibisha mimi na linakugusa na wewe, kwa kuwa kitu chenyewe nilijifunza kwako.

Unamkumbuka yule bibi niliyekuambia namhudumia? Kazi yangu ni ile ile ya kuzunguka majumbani kwa wazee, kuwaogesha, kuwavisha, kuhakikisha wamemeza dawa. Kwa huyu nilikwenda asubuhi na jioni miaka mitatu. Alikuwa Mwingereza wa hapa hapa Tottenham. Mumewe, Mzee Duncan, ni Mskoti. Alizaliwa kule kaskazini, akaja London kijana kuchimba njia za treni za chini ya ardhi, akaoa, akabaki. Walipata mtoto mmoja tu, Colin. Huku hata mzee wa miaka themanini unamwita jina lake kavu kavu. Ulimi wangu ulikataa, nikamwita Mama Colin, nikamweleza kwamba kwetu ndivyo mwanamke anavyoheshimiwa. Akasema niendelee kumwita hivyo.

Sasa huyo Colin alizaliwa hapa London, akapata kazi Glasgow huko Uskoti, akaoa huko na kujenga maisha. Ndipo ikaja ile kura ya Waskoti, kuamua kama wajitenge na Uingereza wawe nchi yao au wabaki. Waliopiga ni wale wanaoishi kule tu. Hebu ona: baba aliyezaliwa Uskoti hakuwa na kura kwa kuwa anaishi London, mtoto aliyezaliwa London alikuwa nayo kwa kuwa anaishi Uskoti. Na mtoto akapiga ya kujitenga. Mzee akaona mwanawe wa kumzaa anataka kumfanya mgeni mahali alipozaliwa. Walioshinda ni wale wa kubaki, lakini baba na mtoto hawakupatana tena.

Hawakuwa peke yao. Waskoti wa hapa London walikuwa na chama chao cha kucheza ngoma zao kila mwaka mpya. Kilivunjika vipande viwili, na Mzee Duncan hakwenda hata kimoja. Ofisini kwetu wapo kina dada wawili, mmoja wa kule mmoja wa hapa, naambiwa walikuwa wakila chakula cha mchana pamoja kila siku. Mpaka leo, zaidi ya miaka kumi, kila mmoja na meza yake. Na siku hizi habari za kura nyingine zikitajwa redioni, mzee anaizima. Usicheke, mama. Sisi Watanzania wenyewe, ukianzisha habari za Muungano kwenye kipaimara cha mtoto wa mtu, kuna watu wanaondoka na masufuria yao.

Siku moja asubuhi nilikuwa namchana Mama Colin nywele. Akaniuliza kama mama yangu ananipigia simu. Nikamwambia ni mimi ninayempigia, kila Jumapili. Akaanza kulia. Akanisimulia kwamba baada ya ile kura Colin alipiga simu, wakagombana na baba yake, na mwisho mzee alimwambia hivi: "Ukishapata hiyo nchi yako, utakuja na pasipoti gani kumzika mama yako?" Akakata simu. Yeye alikuwa jikoni, amesimama penye jiko, akasikia kila neno. Tangu siku ile Colin humpigia mama yake saa ambazo baba hayupo nyumbani. "Usimwambie mtu," aliniambia, "na zaidi ya wote usimwambie Duncan. Hajui kwamba nilisikia." Nikamwahidi, kitana nikiwa nacho mkononi.

Mama Colin alifariki Februari hii. Sasa hapa ndipo pa kunisikiliza vizuri.

Pale jirani yupo mzee wa Kiingereza anaitwa Len. Kila asubuhi yeye na Mzee Duncan wakikutana mlangoni ni matusi matupu. Len anamwuliza leo mbona hajavaa ile sketi ya wanaume wa kwao, Duncan anamwuliza wamefungwa magoli mangapi. Len anamwambia Waskoti ni wabahili, Duncan anamkumbusha vita ambavyo Waingereza walikimbia. Wanacheka mpaka wanakohoa. Mimi nikajiambia, kumbe hawa ni watani! Walipigana zamani, wakachoka, wakawa watani, kama sisi Wangoni na Wahehe. Nilifurahi kana kwamba nimekuta ndugu ugenini.

Na nilikumbuka yule mwalimu wa Kihehe aliyefia pale mtaani kwetu. Mjane wake alikuwa hajameza hata maji siku mbili. Wewe ukaingia kaburini ukalala, ukasema Mhehe haingii kwenye ardhi ya Wangoni mpaka walete kuku, tena si wa kuchinjwa na Mhehe, maana atakuchanganyia na nyama yake ya mbwa. Watu walicheka makaburini na jeneza likiwa juu. Yule mjane akacheka, akalia kilio cha kweli, jioni akala. Nilikuwa mdogo, lakini niliona. Nilikua nikiamini kwamba mtani anaruhusiwa kugusa pale panapouma kuliko pote, na akipagusa panapona.

Basi siku ya mazishi nilikwenda na Rehema na Neema, na Colin alikuja. Kanisani alikaa upande mmoja, baba yake upande mwingine, na viti vitupu katikati. Makaburini hivyo hivyo, huyu huku, yule kule, shimo kati yao. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Mtu wa mazishi akapitisha kisanduku cha udongo, kila mtu achukue kidogo amtupie marehemu. Colin akachukua. Baba na mtoto wakatazamana mara moja, kila mmoja akaangalia viatu vyake. Nikasema moyoni, hapa ndipo mtani anapotakiwa.

Nikatoka nilipokuwa. Nikasimama mbele ya Colin, mkono nimeunyoosha kama askari wa uwanja wa ndege, nikasema kwa sauti: "Simama hapo. Pasipoti kwanza. Mskoti hapiti kumzika mama yake bila pasipoti." Na nilikuwa natabasamu, mama. Nilitabasamu meno yote nje.

Hakuna aliyecheka. Nilimsikia Rehema nyuma yangu akisema, "Ladislaus, jamani." Colin aliniangalia kwanza kama ambaye hakusikia, halafu uso ukamwisha damu. Akanipita kwa macho akamtazama baba yake, akasema taratibu: "Kwa hiyo hii ndiyo hadithi unayowapigia wafanyakazi." Colin akaurudisha udongo kwenye kisanduku, akafuta mkono kwenye koti, akaenda zake hadi getini, na nyumbani hakufika. Hakumtupia mama yake udongo, kwa sababu yangu.

Len alinifuata tukitoka, akaniambia kwa upole kabisa: "Mimi na Duncan tunataniana mambo ya mpira, bwana. Lile halitaniwi." Heri angenipiga. Ndani ya basi Neema alikaa kiti cha mbali na mimi. Aliniambia, kwa Kiingereza, kwamba hatakuja na mimi tena mahali popote penye watu.

Ningeishia hapo ningekuwa mjinga tu, na ujinga unasameheka. Baada ya wiki nilikwenda kumwona Mzee Duncan. Ofisi ilikuwa imenihamishia kwa wazee wengine, lakini ufunguo nilikuwa nao bado, na nilimpelekea supu. Akaniuliza: "Yale maneno ya pasipoti, nani alikuambia?" Mama, nilidanganya. Nikasema hakuna aliyeniambia, nimebahatisha tu, ni mzaha wa kwetu. Nilijiambia namtunzia marehemu siri yake. Uongo. Niliogopa kupoteza kazi yangu. Anayetoa siri za mgonjwa huku anafukuzwa siku hiyo hiyo. Mzee akatikisa kichwa, akasema basi ni Colin amemtangaza kwa kila mtu, na mimi nimeyaokota huko. Nikamwacha aamini hivyo. Mtoto akaamini baba ndiye msemaji, baba akaamini ni mtoto, na mimi ninayejua ukweli nikawa namwaga supu kwenye bakuli.

Niliendelea hivyo wiki sita. Kila nikienda namkuta anampigia Colin, simu inaita mpaka inakatika. Anaiweka chini, ananiuliza kama nje kuna baridi.

Juzi Jumanne nilimkuta na karatasi za hospitali mezani. Moyo wake umechoka, wanataka kumpasua. Macho hayaoni vizuri, akaniomba nimjazie fomu. Nikaandika jina, nikaandika tarehe ya kuzaliwa, nikafika penye jina la ndugu wa karibu wa kuitwa likitokea la kutokea. Nikamwuliza niandike nani. Akaangalia dirishani. "Andika lako," akasema. "Hakuna mwingine anayekuja."

Kalamu ilinishinda, mama. Nilimwambia naomba dakika moja, nikatoka kwenye ngazi. Namba ya Colin nilikuwa nayo, mama yake alikuwa akiniomba nimbonyezee. Nilimpigia, nikamwambia yote bila kupumzika ili asipate nafasi ya kukata. Nikamwambia baba yake hakumhadithia mtu. Mama yake alikuwa jikoni siku ile, alisikia, aliniambia mimi huku akilia, na mimi nikamwahidi nitanyamaza, kisha nikaenda kumvunjia ahadi juu ya kaburi lake. Colin akauliza: "Mama alisikia?" Nikasema ndiyo. "Na hakuniambia kitu miaka yote ile?" Nikasema hakukuambia. Akakata.

Nilirudi ndani, nikajifanya nakosha vikombe. Baada ya muda simu ya mzee ikalia. Walizungumza kidogo tu, sikusikia neno, niliyafungua maji makusudi. Kisha mzee akaja jikoni, ameshika ukuta. Akasema Colin anakuja Ijumaa. Nilitaka kushukuru Mungu, lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyepata habari njema.

Akavuta kiti. "Mama yake alikuwa amesimama wapi?" akaniuliza. Nikamwonyesha, pale penye jiko. Akapaangalia muda mrefu. Akasema: "Siku ile nilimwuliza kama amesikia. Akaniambia alikuwa amefungua redio." Halafu akasema, na hakupandisha sauti: "Nimelala naye kitanda kimoja miaka yote hii nikidhani nimemficha. Naye alikuwa akinificha mimi. Akaenda kukulilia wewe."

Akanisogezea ile fomu, nikaandika jina la Colin. Akalisoma kwa kulisogeza karibu na macho, akakunja karatasi, akaniomba niache ufunguo mezani. Nikauacha. Nilimwambia kwaheri mzee, akaitikia vizuri, kama unavyomwitikia mtu aliyekuletea barua mlangoni. Ofisini nimekwenda mwenyewe kuwaeleza, wamesema watanipa jibu. Wakinifukuza sitalalamika, na Rehema anajua.

Nisalimie mjomba fundi baiskeli, mwambie magoti yake nayaombea. Nisalimie baba mdogo katekista, ila yeye msimsomee hii. Shangazi wa kule bondeni mpe pole ya ng'ombe. Na yule mjane wa mwalimu, mtani wetu, kama bado yu hai, mfikishie heshima zangu tu, bila mzaha wowote.

Mama, tangu Jumanne nimekuwa nikizihesabu Jumapili zetu. Kila nikipiga unasema huna neno, unanichekesha, namaliza nikiwa nimeridhika. Nina miaka kumi na nne sijaja. Baba alizikwa sikuwepo, nikakwambia kazi hazikuruhusu, ukaniambia haina shida mwanangu. Kama jambo hilo ulikwenda kulilia kwa mtu mwingine kwa kunionea huruma, mwambie Fides aliandike hapa nyuma ya karatasi hii, kama ulivyolisema, na anirudishie.

Mwanao niliyekukosea,
Ladislaus