Yaya, niliweka kidole kwenye picha

Yaya Chantal, dada yangu mukubwa,

Nimepita. Nakuambia hii mbele ya salamu, sababu weye njo ulinihangaikia na hii egzame ya Etat, mtihani wa serikali wa kumaliza masomo, ukaenda bila kuona mwisho wake.

Hapa Shituru Mama hajavua nguo nyeusi. Kwenye meza ya jikoni, alama ya kidole chako cha makala, yale makaa yako ya kuchorea, iko fasi ileile. Siku moja nilitaka kuipangusa na sabuni, Mama akaninyang'anya kitambaa. Sasa tunakula tukiizunguka, hakuna anayeweka sahani juu yake. Na nikibaki peke yangu na vitabu, nasikia unapiga meza: ko, ko. Usiniambie ni panya. Panya hawana subira kama yako.

Unakumbuka ile interro, lile jaribio la darasani, ya kinyago? Darasa nzima tulikariri: "Kinyago hiki kinaonyesha roho ya mababu." Mwalimu akaleta picha ya kiti. Kiti, Yaya! Na sisi tukaandika mababu, ukurasa mzima, na heshima zote. Nilipokuletea ile sufuri ulicheka mpaka ukashika tumbo. Halafu uliweka picha mezani, ukaipiga na kidole cheusi. "Weye unaona nini? Hapana kile unajua. Kile unaona." Nikasema miguu mitatu. "Ya namna gani?" Imepinda kwa nje. "Basi inafanya nini?" Inakamata udongo, kiti hakianguki. "Aka! Sasa njo umejibu. Kila neno unaandika, weka kidole fasi iko mu picha. Kidole kikikosa fasi, futa."

Hata homa ilipokulaza uliendelea kuniuliza, sauti ikiwa imebaki kidogo tu. Ulinilazimisha kuahidi kwamba sitapita kwa kukariri. Niliahidi, na wewe ukageukia ukuta ukalala.

Siku ya egzame tukageuza karatasi. Picha ya kueleza: mwanamke amechorwa na makala, ameketi, kichwa kimeinama. Yaya! Alikuwa na shingo yako. Kalamu ikaanza kukimbia yenyewe: huyu amekufa kijana, nyumbani wanamulilia, mama yake hasemi tena. Nilijaza nusu ukurasa, machozi yanadondoka juu ya wino. Ndipo nikasikia ko, ko, kwenye meza yangu, karibu kabisa na mkono. Nikainua macho. Msimamizi alikuwa mbali, mlangoni. Na sauti yako: "Iko wapi mu picha?"

Niliweka kidole. Kifo hakikuwamo. Kilio hakikuwamo. Vyote vilikuwa vyangu mwenyewe. Nikaikata kwa mstari ile nusu ukurasa, nikaanza upya: kwenye shingo na mabega mchoraji amekandamiza makala sana, usoni amepita polepole, karibu karatasi tupu, kwa hiyo uzito wote tunausikia mgongoni, na uso unaonekana kama uko unaondoka. Niliandika mpaka kengele. Jina lako sikulitaja hata mara moja. Iliniuma kama kukuzika tena.

Matokeo yalipotoka, wenzangu walikuja na barabara wanaimba, kichwa kizima pudre nyeupe, ile poda wanamwagia waliopita. Kufika kwenye lango wakakumbuka nyumba iko na kilio, wakakata wimbo, wengine wakaanza kujipangusa. Mama akatoka. Akachukua kopo mikononi mwao, akanimwagia mwenyewe, kichwani, mabegani, mpaka nikakohoa. Kisha akasema, "Twende tumuonyeshe."

Ile picha ulijichora mbele ya kioo, unajua Mama aliifunika na kitenge tangu tukuzike. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kukuangalia. Tukafunua. Yaya, hukuipulizia laki ya nywele, ile inashikisha makala kwenye karatasi. Ulisema utafanya kesho. Kila mlango ulipofungwa na kitenge kikatikisika, kilikuwa kinakupangusa. Shavu moja limekwisha. Liko ndani ya kitenge, jeusi, pamoja na pembe ya mdomo. Mama alikaa chini palepale. Tulikufunika kwa heshima, kumbe tulikuwa tunakufuta. Nilikimbia dukani kutafuta laki, pudre ikiwa bado kichwani.

Nimepulizia. Kilichobaki kitabaki.

Kwenye msalaba wako wameandika kwamba umepumzika. Nilienda, nikaweka kidole, sikupata fasi. Kwa hiyo mimi sitakuandikia vile. Nakuandikia kile naona: jicho la kushoto, ulikandamiza makala mpaka karatasi ikachubuka, kwa hiyo linanifuata hata nikihama upande. Naogopa hilo jicho, Yaya. Na ninalipenda.

Nakuahidi hii: muntu akiniuliza yaya yako alikuwa nani, sitakariri. Nitamuleta mbele ya picha, nitaweka kidole, nitaanza na kile kinaonekana. Hata shavu lililokwenda, nitaonyesha fasi yake.

Bakia salama. Na kama ungali unataka kupiga meza, piga. Nitajibu.

Mudogo yako,
Fifi