Mvutano wa Karibu

Andacollo, 9 Oktoba 2011

Mwanangu Herminda,

Salamu nyingi. Hujambo huko Santiago? Mimi sijambo, ila vumbi la mgodi halijaniachia kifua. Chai ya majani ya boldo nakunywa, usinihubirie.

Sikukuu ya Bikira inakaribia. Tangu mgodi umfukie kaka yako Nibaldo, nafasi yake kwenye ngoma iko wazi, na filimbi yake naipaka mafuta. Wajua desturi: safu yetu ya wazee inaanza kupuliza, safu ya pili iliyotuelekea inaitikia, haianzi kamwe. Aliyekuwa akiniitikia mimi ni yeye. Kiongozi wa ngoma amekubali usimame wewe. Njoo Desemba, mama. Mwakani sijui kama pumzi itanitosha.

Baba yako

Santiago, 20 Novemba 2011

Shikamoo Baba,

Pole na kifua. Mimi mzima, usingizi tu ndio hautoshi.

Baba, zamu yangu ya kompyuta kubwa inaanza Desemba, siku arobaini. Nikiiacha nasubiri mwaka mzima. Natengeneza ulimwengu wa mfano: chembe bilioni moja, kila moja ikizivuta nyingine zote. Palipozidi chembe kidogo panavuta zaidi, hadi panakuwa galaksi, na galaksi zinajipanga kama nyuzi. Tatizo ni kwamba chembe zikikaribiana mno, mvutano unakuwa mkali na hesabu inavurugika. Kwa hiyo mvutano wa karibu tunaulegeza.

Nitakuja mwakani, naahidi.

Binti yako

Andacollo, 28 Desemba 2011

Herminda,

Hujambo. Mimi nipo.

Nilicheza. Walitaka kuniwekea mtu mwingine nikakataa, nikasema nafasi ina mwenyewe. Nikapuliza, mbele yangu kimya. Nikapuliza tena, kama mwehu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Wenzangu walitazama chini.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Wa mbali anavutwa, wa karibu analegezwa. Hongera, hesabu hiyo hata mimi mchimba mgodi nimeielewa. Umeniumiza, mwanangu, sitakuficha.

Baba yako

Santiago, 30 Januari 2012

Shikamoo Baba,

Kifua kinaendeleaje? Simu hupokei.

Siku arobaini zimekwenda bure. Nililegeza kupita kiasi, kwa kuogopa hesabu isije ikavurugika. Ukiutazama kwa mbali, ulimwengu wangu unapendeza, nyuzi zote zipo. Ukisogea, galaksi ndogo hazikuzaliwa kabisa. Profesa aliniuliza, "Kwani wewe hukuangalia kwa karibu?" Nikaangua kilio mbele yake, akadhani nalilia kompyuta.

Nisamehe, Baba. Nakuja Ijumaa ya wiki ijayo. Utanifundisha kupuliza.

Binti yako

Andacollo, 26 Desemba 2012

Shikamoo Baba,

Afya yako siulizi tena. Mimi ni mzima, kama huku ndiko kuwa mzima.

Ijumaa ile nilifika nikakuta viti vya majirani vimepangwa nje, na wewe umelazwa sebuleni kwenye jeneza. Barua yangu ilikuwa mezani, haijafunguliwa. Hukujua hata kwamba nakuja.

Kiongozi alinifundisha filimbi mwaka mzima. Anasema pumzi ninayo, ni yako. Leo nimesimama mahali pa Nibaldo. Walitaka kuweka mtu mahali pako, nikawaambia nafasi ina mwenyewe.

Lakini safu yetu haianzi, Baba, inaitikia tu. Nimecheza ngoma nzima filimbi iko mdomoni, nakutazamia. Sijapuliza hata mara moja.

Binti yako