Keki ya Boga kwa Baba wa Bibi Harusi

Jumapili, 10 Agosti 2025

Nimerudi nyumbani Kamunyonge kutoka Butiama nikiwa na aibu ambayo sikwenda nayo. Tulikwenda kwa Mzee Wambura, baba wa Bonifasi anayemwoa binti yangu Esta, kupanga mambo ya send-off, sherehe ya kumuaga binti. Wakatutengea wali, kuku, ndizi. Nikala vijiko vitatu vya mchuzi na nyama kidogo. Tumbo walilonibakizia madaktari lina ukubwa wa yai la bata. Haliongezeki kwa adabu ya mgeni. Nikashukuru kwa maneno yaliyopangika, kama nilivyozoea kushukuru mikutanoni. Maneno hayakushibisha mtu.

Tulipokuwa tunaondoka nikawasikia wanaume zizini. Huyu mzee alikuwaga pande la mtu, alisema mmoja. Sasa suruali ndiyo inamvaa. Wa pili akautaja ule ugonjwa wa kukondesha kwa jina lake! Wambura alisikia kama nilivyosikia. Hakuwakemea. Aliniambia tu, kwa upole wa mtu aliyekwisha kutoa hukumu:

"Mkwe, hatuna haraka. Upone kwanza, ndipo watoto wafunge ndoa."

Nipone! Presha imeshuka. Magoti yananipeleka kanisani na kunirudisha. Enzi zile nilipokuwa nahema kwa kufunga kamba za viatu, watu hawa hawa waliniita mtu mwenye afya.

Jumanne, 12 Agosti 2025

Nimependekeza jambo jepesi: niseme kweli. Nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, kwa ushauri wa madaktari, na hakuna kingine kinachonikondesha. Sentensi moja. Nimehutubia mahafali, misiba na vikao vya wilaya; sentensi moja isingenishinda.

Esta akalia.

"Baba, utawaambiaje watu ambao mwaka huu mahindi yamewakaukia shambani kwamba wewe umekatwa tumbo ili usile? Watasema tunachezea chakula. Afadhali wafikiri unaumwa."

Afadhali wafikiri ninaumwa. Hayo ni maneno ya mwanangu, niliyemsomesha mwenyewe.

Mke wangu, Justina, amemfuta machozi kwa kanga yake; naye yuko upande wa Esta.

Jioni Wambura akapiga simu. Ameridhia tarehe ibaki, kwa sharti asilolitamka waziwazi: ukoo wake utakuja Bunda, kwenye ukumbi wa send-off, "kumwona baba wa binti akila." Ana maana ya keki. Siku ya send-off binti hupiga magoti mbele ya baba yake na kumlisha kipande kwa mkono wake, ukumbi mzima ukisimama. Baba asiyekula ana kinyongo na ndoa. Ama anaumwa. Hakuna maelezo ya tatu.

Alhamisi, 14 Agosti 2025

Wao wanaona keki. Mimi naona lile benchi la Bunda, mwezi wa tano. Nilikunywa nusu chupa ya soda kwa kumstahi mwenyeji wangu. Sukari ikaporomoka moja kwa moja hadi utumboni, kwa kuwa hakuna tena tumbo la kuizuia. Moyo ukaenda mbio, jasho likanitoka hadi soksini, dunia ikainama. Nikalazwa kwenye benchi la watu, nikipepewa kwa mfuniko wa boksi.

Mtaalamu wa lishe alinionya: protini kwanza, vijiko vichache, taratibu, na sukari ikae mbali. Nikamuuliza, na kitu kitamu je? Akacheka. Akasema vipo, nitumie akili.

Basi natumia akili. Kazi ya uzeeni!

Jumatatu, 18 Agosti 2025

Matokeo ya jikoni, kwa ufupi, maana hakuna wa kumsomea taarifa hii.

Mtindi uliotundikwa kwenye kitambaa hadi maji yakaisha, ukapambwa kwa papai lililosagwa. Mtamu kweli. Nilikula vijiko vinne na nikakaribia kusamehe watu. Lakini hauliwi kwa mkono, mbele ya kamera.

Kastadi ya mayai na maziwa, vanila, bila sukari. Laini, inateremka vizuri. Justina akaigusa kwa kidole.

"Inatetemeka kama wewe mbele ya Wambura."

Parachichi lililopondwa na kakao. Ladha njema; rangi ya tope la Machi. Hapana.

Ndizi mbivu ya kuchoma: moyo ulianza mbio baada ya tonge la pili. Hapana kabisa.

Jumamosi, 23 Agosti 2025

Nimekwenda kwa Matrida, mwokaji wa keki hapa mtaani. Nikamweleza kwamba nataka kwake siri na keki isiyo na sukari.

"Mzee Masatu, keki bila sukari si ni mkate?"

"Na isiwe na ngano nyingi."

"Basi hata mkate siyo. Hiyo ni nini sasa, baba?"

Tumehangaika hadi mchana. Boga lililochemshwa na kukamuliwa maji, mayai mengi, karanga zilizosagwa, mtindi mzito, mdalasini. Ya kwanza ilianguka katikati. Ya pili ikasimama! Nikala kipande cha vidole viwili, nikasubiri kitini kama mshitakiwa. Moyo ukatulia. Matrida akapiga makofi peke yake.

Dada yangu Petronila kaionja, akaitema ukingoni mwa kiganja. Kaka, alisema, mwanamume halishwi boga siku ya binti yake. Boga ni la wagonjwa na watoto wanaoota meno.

Nikamjibu kwa utulivu. Utulivu wangu umeanza kuniuma kuliko matusi.

Ijumaa, 29 Agosti 2025

Mpango umekamilika. Keki ya boga itakaa kwenye sinia moja na keki kubwa, imepakwa mtindi mzito badala ya krimu, ifanane na nyenzake. Esta atanikatia humo. Watu wataona baba anakula. Mimi nitakuwa nimesimama. Wote tutakuwa tumedanganyana kwa heshima.

Esta amenibusu mkono. Ameniambia, asante Baba kwa kuficha. Maisha yangu yote nimeshukuriwa kwa kusema.

Jumamosi, 30 Agosti 2025

Bunda. Chumba cha nyuma ya ukumbi, kati ya viti vilivyovunjika. Naandika nyuma ya karatasi za hotuba yangu, ili mkono uwe na kazi.

Mpango ulifanya kazi. Niliandike hilo kwanza. Esta alipiga magoti, akanilisha boga, nikatafuna taratibu, nikameza. Vigelegele! Petronila alilia kwa sauti kuliko wote. Nikaona wale wanaume wa zizini wakitazamana.

Ndipo Wambura akasimama na kuomba kipaza sauti. Sisi tumepewa binti, akasema, na mtu akipewa hakai mikono mitupu. Naomba kulishana na mkwe wangu. Ukumbi ukashangilia. Akafungua mdomo. Sinia likawa mbele yangu, na Esta, kwa hofu, mkono wake ukaenda ulikozoea: akanipa kipande cha boga nimlishe.

Akatafuna. Akasita. Kipaza sauti kikiwa bado mkononi mwake!

"Mkwe! Hii mbona haina sukari? Mmenilisha chakula cha mgonjwa?"

Wakacheka. Siyo wote. Upande wa Butiama hawakucheka.

Nilikuwa na ile sentensi moja. Ilikuwa ulimini. Nikamtazama Esta, bado yuko chini kwa magoti, shela limemfunika jicho moja, anatikisa kichwa — usiseme, Baba.

Wambura akakata kipande cha keki kubwa. Krimu, jamu, kipana kama sabuni ya kufulia. Nikala. Chote. Nikasema, tamu sana mkwe, na sauti yangu ikaenda hadi mlangoni bila kipaza sauti.

"Mzima!" akapiga kelele. "Mzima kabisa huyu!" Akanikumbatia. Naamini alifurahi kwa moyo. Hilo ndilo linaloniudhi.

Sasa jasho. Shati limeganda mgongoni. Moyo — siwezi kuuelezea, unakimbia bila mimi. Justina amenilaza miguu juu ya kiti, kisha akatoka kuwaambia nimezidiwa na furaha. Nasikia MC akirudia hayo hayo: baba anafuta machozi, mpeni muda, tumwimbie!

Wanaimba.

Petronila anabisha hodi. Anacheka, anahema, hajawahi kuwa na fahari nami kiasi hiki.

"Kaka, umewaweza! Toka haraka. Wajomba wa Bonifasi wamesimama, kila mmoja na kipande chake. Wanasema na wao lazima wakulishe."

Nimemwambia nakuja. Chumba kinazunguka. Nashika ukuta, navaa kiatu cha kushoto, kalamu inanipo—