Hadithi ya Mke Asiyerudi

Ihembe, Karagwe
Juni 1956

Kaka Protase, shikamoo.

Huku kahawa imeiva, na mama bado anataka kuichuma peke yake.

Hadithi yangu imekataliwa tena na gazeti. Zamani walikuwa wakiirudisha kimya. Safari hii mhariri ameandika: "Mke wa Kikristo hamwachi mumewe kwa sababu ya kupigwa tu. Mfanye arudi, nasi tutaichapa." Nililia kidogo pale jikoni, kisha nikaendelea kumenya ndizi.

Mama akauliza, "Wamesemaje?"

Nikamweleza kwa Kinyambo. Akasema, "Sasa utamrudisha?"

"Hapana, mama."

Kaka, kuna jambo sikukuambia. Tangu Pasaka ninaishi hapa kwa mama. Mume wangu Apolinary alikuja na wazee wake kunichukua, nikakataa kwenda. Mkono alionivunja umeunga, ila bado ni mzito, ndiyo maana mwandiko wangu umepinda.

Jana niliituma hadithi kwa gazeti jingine bila kubadili neno. Wakiikataa nitaandika nyingine.

Tafadhali usimwendee Apolinary kwa hasira. Ukipata mtu anayekuja huku, mpe karatasi aniletee.

Ni mimi mdogo wako,
Kokuhirwa