Fungu la Maziwa Lilifuata Jina Lako

Mpendwa Yaya, mkubwa wangu,

Huku Sydenham watu bado wanagonga mlango na ndoo zao ndogo, wakiulizia mashanza, yale maziwa yetu ya mgando. Nawaambia maziwa ya kugandisha hakuna. Wanauliza, "Na yaya yako?" Nawajibu muulizeni mwenyewe, yuko Clairwood, anauzia madereva wa malori.

Unakumbuka siku tuliyoenda shambani kwa yule mzungu kuomba maziwa? Ulivaa viatu vya kanisani ukakanyaga mavi ya ng'ombe, tukacheka mpaka mwenye shamba naye akacheka. Alitueleza kwamba kila mteja ana fungu lake, na mafungu yakishagawiwa hakuna la kuongeza. Akauliza aandike jina la nani. Mimi ndiye niliyekuwa naongea Kiingereza, lakini nilitaja jina lako. Kwetu mdogo anaanzaje kutaja lake, na mkubwa wake amesimama hapo hapo? Jina lako lilikuwa letu sote wawili, ndivyo nilivyojua mimi.

Na kibuyu cha mama, tulichokipakata kwa zamu tangu Bukavu. Mama alituambia, "Hiki kisilale njaa." Kila asubuhi tulimimina maziwa mapya juu ya masalio ya jana, maana masalio ndiyo yanayogandisha. Wewe ulikuwa unakitikisa huku ukiimba nyimbo za kwaya, mimi nafagia mlangoni.

Kisha ukasema umechoka kushirikiana, kila mtu ajitegemee. Sawa. Tukagawana friji, sufuria, viti, hata upawa tuliubishania. Fungu la maziwa halikutajwa. Ukanisukumia kibuyu: "Baki nacho, mdogo wangu, wewe ndiye mwenye mkono wa mama." Nililia, Yaya. Nilidhani ni upendo.

Asubuhi iliyofuata gari la maziwa lilinipita bila kusimama. Nililikimbilia mpaka kwenye robot, pale taa zinaposimamisha magari, kandambili moja ikabaki barabarani. Dereva akashusha kioo.

"Eish, mama. Fungu linafuata jina. Yaya yako alikuja kwa bosi mwezi uliopita, akasema kuanzia leo yote yapelekwe Clairwood."

Mwezi uliopita tulikuwa bado tunakula sahani moja. Ulikuwa unaninawisha mikono, na umeshaninyang'anya chakula.

Nilikwenda shambani. Mwenyewe alinisikitikia, lakini ng'ombe wa kuniongezea hana. Nilipokupigia simu ulisema, "Hii ni biashara tu." Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema. Anilaye mimi tulinyonya ziwa moja.

Jana ulimtuma mtu. Anasema mashanza yako hayashikani, yanatoa maji, wateja wananung'unika, unaomba masalio kidogo ya kibuyu cha mama. Unajua kwetu masalio hayanyimwi, hata kwa adui. Sikukunyima. Nilimfungulia kibuyu achungulie mwenyewe. Nilikuwa nimejaribu kukilisha maziwa ya boksi, yakanuka. Nikamwaga, nikajaribu tena, yakaoza. Sasa ni kikavu.

Nimekifunga kwenye kitenge, na mtu wako anakuletea pamoja na barua hii. Kipokee. Kililala njaa siku maziwa yetu yalipopita mlangoni kwangu yakija kwako.

Baki na jina letu, Yaya.

Mdogo wako