Tarishi Aliyeambiwa Tumehama

Baba watoto,

Chakula kipo jikoni, kipashe moto. Umchukue kitinda mimba shuleni saa tisa, na sweta yake usiisahau tena.

Asubuhi ulipokuwa ukioga, tarishi wa mahakama alileta wito wa kesi ya matunzo aliyokufungulia mtalaka wako. Kesi ile uliyoniambia imelala kwa sababu jalada limepotea. Akashangaa kuniona: "Mama, kumbe mpo? Mzee ameniambia mara tatu mmehama!"

Tumehamia wapi, mume wangu, na mbona mimi bado nafagia hapa? Unaogopa nini mwanamke huyo akisikilizwa?

Nimesaini kupokea wito. ~~Nitakuuliza jioni.~~ Wewe sikuulizi. Nimekwenda kumuuliza mwenyewe. Anwani yake imo kwenye karatasi.

Mama watoto